Raha ya Kufuma Soksi kwa Mkono

Kila mtu aliyemaliza kazi zake za mchana hupenda kupumzika, walakini namna za kupumzika si moja. Yuko apendaye kukaa barazani na kuzungumza na wenzake. Yuko apendaye kusikiliza redio. Tena yuko ambaye mikono yake haijui kulala hata mwili ukiwa umechoka, naye hupumzika kwa kushika kazi ndogo ambayo hakuamriwa na mtu wala hailipiwi mshahara. Mimi ni katika hao wa mwisho. Kazi yangu ndogo ni kufuma soksi kwa sindano, nami nataka kuwaeleza wasomaji raha niionayo katika kazi hiyo, na sababu ya kuiona kuwa si upuuzi kama wengine wanavyodhani.

Nafundisha shule ya msingi katika milima ya Makete, mkoa wa Njombe. Watu wengi wakisikia Tanzania hufikiri nchi ya joto tu, lakini sisi tukaao huku juu, miezi ya Juni na Julai twaijua nchi nyingine. Ukungu hukaa juu ya mashamba ya viazi hata jua likapanda sana, na asubuhi nyingine umande huganda juu ya majani ukawa mweupe kama chumvi. Wakati huo hapana mzee asiyeota moto, wala mtoto asiyeficha mikono yake kwapani. Basi soksi huku kwetu si pambo la viatu. Ni ulinzi wa mwili.

Labda utaniuliza, msomaji, "Mwalimu, si soksi zipo tele gulioni?" Naam, zipo. Jozi moja ya soksi za gulioni hununuliwa kwa fedha chache kuliko uzi wa kufumia jozi moja. Tena mashine ya kiwandani hufuma soksi kwa dakika chache, hali mimi soksi moja hunichukua jioni nyingi. Kwa hesabu ya fedha na kwa hesabu ya saa, nimeshindwa kabla ya kuanza. Lakini si kila faida huandikwa katika daftari la fedha. Mtu apandaye maua mbele ya nyumba yake haulizwi ameuza mangapi. Wapitao huyatazama wakafurahi, na mwenyewe hufurahi kuwapita wote.

Vyombo vya kazi hii ni vichache. Kwanza ni sindano tano fupi, kila moja ina ncha pande zote mbili. Wengine huzitengeneza kwa spoki za baiskeli. Mimi zangu nimezichonga kwa mwanzi mkavu, maana mianzi kwetu haikosekani, kisha nikazisugua kwa msasa hata zikawa laini, uzi usipate mahali pa kunasa. Pili ni uzi. Kondoo wetu wengi wa Afrika ya Mashariki wana nywele fupi kama za mbuzi, wala hawatoi sufu ya kusokotwa; kwa hiyo uzi twaununua dukani mjini, au twaupata kwa njia nyingine niipendayo zaidi, yaani kufumua sweta kuukuu la mtumba. Huchagua sweta la sufu ambalo halikukatwa kwa mkasi, nikafungua mishono yake ya ubavuni, nikatafuta mwisho wa uzi na kuuvuta. Uzi hutoka umejikunjakunja kama nywele zilizosukwa na kufumuliwa. Nikauzungusha katika mgongo wa kiti, nikaufua, nikautundika na kitu kizito chini yake, na ukikauka hunyoka ukawa kama mpya.

Hapo naiona hekima ya lugha yetu. Afumaye hufuma, na atakaye kuirudisha kazi nyuma hufumua, kama vile kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua. Kazi nyingi za mikono hazina ruhusa hiyo. Seremala akiukata ubao mfupi, haurefuki tena. Fundi cherehani akipitisha mkasi, kitambaa hakiungani kama kilivyokuwa. Lakini kilichofumwa kwa sindano ni uzi mmoja tu uliopita ndani ya vitanzi vyake wenyewe, na ukiuvuta hurudi kuwa uzi, wala hakuna kilichopotea ila muda. Sweta alilovaa mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyoifikia, leo ni soksi za mtoto wa jirani yangu.

Sasa nieleze kazi yenyewe, ili msomaji asidhani nasifu kitu asichoweza kukiona. Kwa soksi ya mtu mzima, na uzi mwembamba, huanza na vitanzi 60, nikavigawa juu ya sindano nne, kila moja 15. Sindano ya tano ndiyo ya kufumia. Huviunganisha kuwa duara, nikafuma kwa kuzunguka. Ukingo wa juu hufumwa vitanzi viwili vya mbele na viwili vya nyuma, kwa zamu, ndipo uvutike na kuushika mguu bila kuubana. Ukipata upana wa vidole vinne, huendelea na vitanzi vya mbele tu, mzunguko baada ya mzunguko, hata ukafika kwenye kifundo cha mguu.

Sehemu hii ya mizunguko ndiyo ya kupumzikia. Mikono ikiisha kuzoea, haihitaji macho. Umeme ukizimika, kazi haisimami. Naweza kumsikiliza mtoto wangu akisoma kitabu chake cha shule, nikamsahihisha neno, na sindano zikaendelea. Mke wangu husema kwamba usiku nifumapo naongea maneno machache lakini nasikia mengi, na labda ndiyo kweli, kwa maana mtu ambaye mikono yake ina kazi hana haraka ya kumkatiza mwenziwe. Huko Ukambani wanawake husuka viondo huku wakitembea na kuzungumza. Na katika visiwa vya Shetland, upande wa kaskazini wa Uskoti, wanawake wa zamani walikuwa wakifuma kwa sindano huku wamebeba mgongoni vikapu vya mboji kavu ya kuwashia moto. Mbali mbali hivi, na akili moja.

Kisha huja kisigino, nacho ndicho kinachonifanya nisichoke na kazi hii miaka yote. Nusu ya vitanzi, yaani 30, huachwa vikingoja juu ya sindano zao. Nusu ya pili hufumwa kwenda na kurudi, mistari 30, hata kikapatikana kipande cha mraba kinachoning'inia nyuma kama ulimi. Hapo ndipo hugeuzwa kisigino. Unafuma hata kupita katikati kidogo, unaunganisha vitanzi viwili kuwa kimoja, unafuma kimoja zaidi, nawe unageuza kazi kabla ya kuufikia mwisho wa mstari. Upande wa pili unafanya vivyo hivyo, na kila safari unakwenda mbele kidogo kuliko safari iliyotangulia. Mistari 12 ikitimia, vitanzi 30 vimekuwa 18, na kile kipande kilichokuwa bapa kama jani kimejikunja chenyewe kikawa kikombe cha kukalia kisigino cha mtu. Hakikukatwa kwa mkasi, wala hakikushonwa. Nimekifanya mara nyingi, na kila mara huinua kazi mbele ya taa nikaitazama tena.

Baada ya hayo huokota vitanzi 15 katika kila ubavu wa ule ulimi, nikaviunga na vile 18 vya kisigino na vile 30 vilivyokuwa vikingoja. Nimepata kuwapa wanafunzi wangu hesabu hii: 18 na 15 na 15 na 30 ni ngapi? Nao hujibu, "Sabini na nane, Mwalimu." Basi kila baada ya mzunguko mmoja hupunguza viwili, je, nipunguze mara ngapi vitanzi virudi kuwa 60? Mara tisa. Watoto waliosinzia kwa hesabu za maembe na machungwa huamka kwa hesabu hii, maana soksi yenyewe iko mezani na jibu lake laonekana kwa macho. Mtoto mmoja aliniuliza soksi nzima ina vitanzi vingapi. Tukapima pamoja: mizunguko minne katika kila sentimeta, na urefu wote sentimeta 42, basi ni mizunguko 168, kila mmoja vitanzi 60, jumla 10,080. Darasa likanyamaza. Haba na haba hujaza kibaba, na hapo waliona kibaba chenyewe.

Wengine hudhani kazi hii ni mpya, imeletwa juzi na wageni. Soksi ni za kale mno, na zilizo katika zile za kale kabisa tunazozijua zimetoka katika bara letu hili. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, iko jozi ya soksi nyekundu za sufu iliyofukuliwa katika makaburi ya mji wa kale wa Oxyrhynchus, nchini Misri. Wataalamu wasema zilitengenezwa kati ya mwaka 300 na mwaka 499. Hazikufumwa kwa sindano nyingi kama zangu, bali kwa sindano moja yenye tundu, kwa ufundi uliotangulia huu wetu. Na jambo la kufurahisha ni hili: mbele zimegawanyika, kidole gumba peke yake na vidole vingine pamoja, ili mtu apate kuzivaa pamoja na ndara. Basi ninyi mnaochekwa kwa kuvaa soksi na ndala asubuhi za baridi, wajibuni wanaowacheka kwamba Wamisri waliwatangulia kwa miaka zaidi ya 1,500.

Ufumaji wa sindano mbili au zaidi nao vipande vyake vya zamani sana vimeonekana Misri, soksi za pamba za rangi ya buluu na nyeupe, ndipo baadaye ufundi huo ukaenea sana Ulaya. Huko Hamburg, Ujerumani, katika jumba la picha liitwalo Kunsthalle, yako mapambo ya altare yaliyochorwa karibu na mwaka 1400 na Meister Bertram. Katika picha mojawapo Mariamu ameketi anafuma kwa sindano nne nguo ya mtoto, kwa mzunguko, na mtoto Yesu yuko karibu naye. Wasomaji wa Injili ya Yohana wanaikumbuka ile kanzu isiyokuwa na mshono, ambayo askari hawakutaka kuipasua wakaipigia kura. Labda mchoraji alijiuliza nguo isiyo na mshono yaweza kutengenezwaje, naye akamkumbuka mwanamke afumaye kwa kuzunguka, kama alivyowaona wa mji wake. Nami nikifuma mguu wa soksi, usio na mwanzo wa mshono wala mwisho, naielewa fikira yake.

Hata ile mashine iliyonishinda kwa upesi ina habari yake. Mwaka 1589 kasisi mmoja wa Kiingereza, William Lee, wa kijiji cha Calverton, katika jimbo la Nottinghamshire, alitengeneza mtambo wa kwanza wa kufuma soksi. Habari zasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alikataa kumpa haki ya mtambo ule, kwa kuhofu kwamba maskini waliojipatia riziki kwa sindano wangekosa chakula. Lee akaenda Ufaransa, na yasemwa alifia huko katika umaskini. Lakini mtambo wake haukufa, na viwanda vya leo vyatokana na fikira ile ya mtu wa kijijini.

Jirani yangu mmoja, mzee wa heshima, alipita barazani kwangu akanikuta na sindano. Akanisalimu, akakaa, akatazama kwa kitambo, ndipo akasema, "Mwalimu, usinione vibaya, lakini kazi hii si ya akina mama?" Nikamjibu, "Mzee wangu, na cherehani je? Mafundi wetu wa gulioni si wanaume?" Akacheka. Nikamwambia habari za kisiwa cha Taquile, katika ziwa Titicaca nchini Peru, ambako wanaume ndio wafumao kofia kwa sindano, na wavulana hufundishwa wangali wadogo, na wanawake ndio wafumao nguo katika vitanda vya kufumia. Mwaka 2005 shirika la UNESCO liliutangaza ufundi wao kuwa ni urithi wa wanadamu wote. Mzee akanyamaza, kisha akanyosha mguu wake akauliza, "Na mguu huu, Mwalimu, utachukua vitanzi vingapi?" Nikaupima hapo hapo. Ulichukua 64.

Na swali hilo la mzee ndilo lililo kiini cha maneno yangu yote.

Mama yangu ni mzee sana. Miaka michache iliyopita alipata kiharusi, na tangu hapo mguu wake wa kushoto huvimba, hali wa kulia umebaki mwembamba kama ulivyokuwa. Soksi za gulioni zilimtesa. Ile ya kushoto ilimbana, na jioni ikivuliwa iliacha alama ya mviringo iliyokaa hata asubuhi. Na nikimtafutia kubwa, ile ya kulia ilimteleza ikajikunja ndani ya kiatu, akawa katika hatari ya kuanguka. Mganga wa zahanati alituambia miguu ile isiachwe kupata baridi, wala isibanwe. Nilizunguka maduka ya mjini, na kila muuzaji alinionyesha soksi mbili zilizo sawasawa, akizisifu kwamba zimelingana barabara. Sikuweza kumlaumu. Kiwanda hakiwezi kumjua mama yangu. Hufuma kwa ajili ya miguu yote, kwa hiyo hakifumi kwa ajili ya mguu wa mtu yeyote.

Basi nilipiga magoti mbele ya kiti chake na utepe wa kupimia, nikapima mguu mmoja mmoja: penye ndama, penye kifundo, katikati ya unyayo, na urefu. Nikaandika katika daftari kama mtu apimaye nyumba. Soksi ya kulia nikaianza kwa vitanzi 60, ya kushoto kwa vitanzi 72, na ukingo wake nikaufuma mlegevu. Nilizifuma kwa uzi mmoja na rangi moja, ili zikivaliwa zionekane kuwa jozi. Zikiwekwa mezani ni soksi mbili zisizolingana, na mtu asiyejua angedhani fundi hajui kuhesabu. Zikiwa miguuni mwa mama yangu, zimelingana.

Siku ile nilipomvika, alikaa kimya akiitazama miguu yake. Maneno kwake siku hizi ni mazito, huyatoa mojamoja kama mtu atoaye maji katika kisima kirefu. Akasema, "Mwanangu, umeikumbuka yote miwili." Hakusema jingine, nami sikutaka jingine.

Tangu siku hiyo nimeijua sababu ya raha yangu, ambayo zamani niliiona bila kuijua. Mtu afumapo soksi humfikiri mtu mmoja kwa vitanzi elfu kumi, na kwa mguu wa pili elfu kumi vingine. Si kumfikiri kwa huzuni wala kwa hotuba. Ni kukumbuka tu kwamba kisigino chake ni kipana, kwamba kidole chake cha pili ni kirefu kuliko gumba, kwamba husimama sana shambani na unyayo wake hutoboa soksi upesi. Ni mara ngapi twamkumbuka mtu kwa muda mrefu hivyo? Twasalimiana njiani, twaulizana hali, twajibu njema, twapita. Lakini aliyenipa mguu wake niupime amenipa jioni kumi na tano za kuwa naye, hata kama mwenyewe yuko nyumbani kwake amelala.

Soksi za mama yangu hazidumu milele. Unyayo huliwa na sakafu, nami huokota vitanzi juu ya palipoliwa, nikafumua sehemu ya chini, nikaifuma upya. Kila mara hupima kwanza, maana uvimbe hupanda na kushuka. Mwezi uliopita ile ya kushoto ilitaka 68 tu, nasi tukafurahi nyumbani kwa ajili ya vitanzi vinne vilivyopungua kana kwamba tumevuna.

Basi, ndugu msomaji, kama wewe nawe una mikono isiyojua kulala, jitafutie sindano tano na uzi kidogo, wala usiogope kisigino. Kimewageukia wengi wasiojua hata kusoma. Anza na soksi ya mtoto mchanga, maana huisha upesi, nayo humtia mwanafunzi moyo. Usihesabu fedha, wala usishindane na mashine. Na kabla hujaanza kuhesabu vitanzi, nenda kwanza kwa mwenye miguu, ukae chini mbele yake, ukaipime yote miwili.